Ndege wa porini karibu na nyumbani: namna ya kuwatazama na kuwapiga picha

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Ninunue lenzi gani? Mbona ndege anaruka kila nikimsogelea? Mbona picha zinatoka kama zimepigwa ndani ya moshi na kamera ni nzima? Yote matatu yana mzizi mmoja: mpigapicha anamfukuza ndege. Anapiga hatua, ndege anaruka. Anamfuata, ndege anahamia mti wa mbele. Mwishowe anapiga kutoka mita 30 na kuilaumu lenzi.

Ukiwa unaishi penye miti, vichaka, shamba au kijito, unacho kitu kisichouzwa pamoja na kamera: unaweza kukaa mahali palepale kila siku mpaka ndege wakuzoee. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Andaa vitu hivi kwanza

- Darubini ya macho mawili, 8×42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 10 au 12. Lakini darubini inayokuza zaidi hukuza pia mtikisiko wa mkono, na eneo unaloliona husinyaa, kwa hiyo ndege mdogo anakupotea majanini kabla hujamweka sawa.
- Daftari dogo na penseli. Maandishi ya penseli hayachuruziki yakilowa umande. Ya kalamu ya wino huchuruzika.
- Kamera yenye lenzi ya milimita 300 au zaidi, au kamera ndogo ya lenzi isiyobadilishwa yenye uwezo mkubwa wa kuvuta karibu. Huna? Simu iliyoegemezwa kwenye darubini inatosha kuanzia, tutaifikia.
- Mfuko wa kuegemezea lenzi: soksi nene au mfuko wa kitambaa, ujaze nafaka kavu hadi robo tatu, ushone mdomo. Ukikaa chini au ukipigia dirishani, mfuko huu unaishinda stendi ya miguu mitatu kwa wepesi.
- Kiti kifupi. Ukikaa vibaya utajigeuza kila dakika, na ndege huona mwendo kabla ya kuona rangi.
- Sinia pana au sahani ya udongo kwa ajili ya maji, na chupa ya plastiki ya lita 1.5.

Nguo ziwe za rangi iliyopooza. Mavazi ya madoadoa ya kijeshi si lazima, na kuna nchi ambako raia akiyavaa anajitafutia matatizo.

Hatua ya 1: Tazama siku tano bila kamera

Kila siku keti dakika 20 jua linapochomoza na dakika 20 kabla halijazama, mahali palepale. Andika ndege anatua wapi, anatokea upande gani, anaondoka vipi. Kufikia siku ya tano utagundua kwamba kuna tawi moja kavu ambalo kila ndege hulipitia kabla ya kushuka, na kuna saa ambayo hakuna chochote. Tawi hilo ndilo utakaloliandalia kamera. Anayeruka hatua hii hutumia mwezi mzima akiviziavizia mahali pasipokuja ndege.

Hatua ya 2: Irekebishe darubini kwa macho yako

1. Ukivaa miwani, zungusha vikombe vya macho vishuke hadi mwisho. Usipovaa, vitoe nje.
2. Ikunje au ikunjue mpaka uone duara moja, si maduara mawili yaliyopandana.
3. Tafuta kitu kisichosogea, mfano jani lililo mita 20 kutoka ulipo. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri.
4. Sasa funga jicho la kushoto. Usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi jani liwe safi. Kumbuka namba iliyofikia. Kwenye darubini chache pete hiyo iko kushoto, na hapo unabadilisha zamu ya macho.

Kumpata ndege ndani ya darubini ni zoezi la pekee. Usimtafute kwa darubini. Mkazie macho ndege mwenyewe, kisha ipandishe darubini hadi machoni bila kuhamisha macho wala kuinamisha kichwa. Fanya hivyo kwa jani, kwa tundu la ukuta, kwa kitu chochote, mara 20 kwa siku. Baada ya wiki mkono utakuwa umejua wenyewe.

Na usiielekeze darubini kwenye jua, hata kwa nukta moja. Jicho linaungua, na halirudi.

Hatua ya 3: Mtambue kabla hajaruka

Rangi hudanganya: kivuli huibadilisha, na jike, dume na kinda mara nyingi hawafanani. Anza na ukubwa kwa kulinganisha na unaowajua (mdogo kuliko shomoro, sawa na njiwa, mkubwa kuliko kunguru), halafu umbo la mdomo. Mdomo mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba ni wa kudonoa wadudu, uliopinda kama ndoana ni wa kurarua nyama. Mkia je: mrefu, umegawanyika kama wa mbayuwayu, unatikiswa? Rangi ije baadaye, tena uitaje kwa sehemu: utosi, mstari juu ya jicho, koo, kifua, kiuno juu ya mkia, michirizi ya bawa. "Ndege wa kahawia" hakukusaidii kitu ukifika nyumbani. "Koo jeupe, mstari mweusi jichoni, anatikisa mkia, chini kandokando ya maji" kunakupa jina.

Programu ya Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, hupendekeza jina kutokana na picha, na katika maeneo mengi kutokana na sauti. Pakua kwanza furushi la ndege wa eneo lako ili ifanye kazi bila intaneti. Jibu lake lichukulie kama dokezo. Ikitaja ndege ambaye hujamwona kwa macho, usimwandike. Orodha zako unaweza kuzihifadhi eBird, hazina ya mtandaoni iliyoanza 2002, ambako sasa watu wa nchi nyingi huweka za kwao.

Hatua ya 4: Weka maji

Wengi huanza na kumwaga nafaka. Maji ni bora. Nafaka huvuta walaji mbegu peke yao, pamoja na panya. Maji huvuta karibu kila ndege, hata wale wanaokula wadudu na matunda.

1. Chombo kiwe na kina cha sentimita 2 pembeni na kisizidi 5 katikati. Kikizidi hapo, weka jiwe pana la kusimamia. Ndege mdogo haingii asikoona chini.
2. Uso wake uwe mkwaruzo. Sinia la plastiki laini linateleza, litandaze changarawe.
3. Kiinue juu ya kigogo au nguzo ya mita 1 hivi, umbali wa mita 2 hadi 3 kutoka kichaka. Karibu zaidi ya hapo paka anajificha. Mbali zaidi ndege hana pa kukimbilia kipanga akitokea.
4. Toboa chupa kwa sindano chini kabisa, ijaze, uitundike mita 1 juu ya chombo. Kaza au legeza kifuniko mpaka lidondoke tone moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo lita 1.5 inadumu kama saa 8. Mlio wa tone ndio unaowaita. Sahani iliyotulia inaweza kukaa wiki nzima bila kugunduliwa.
5. Badilisha maji kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, ili viluwiluwi vya mbu visipate muda wa kukomaa. Mara moja kwa wiki sugua kwa brashi, tumia sehemu moja ya dawa ya klorini kwa sehemu tisa za maji, suuza sana, anika juani.

Kama unafuga kuku, chombo hiki kiwe mbali nao na kuku wasikinywee. Kideri na mafua ya ndege husafiri pande zote mbili. Ukiona ndege aliyejikunyata, manyoya yametimka, haogopi kusogelewa, ondoa maji, osha chombo na usikirudishe kwa wiki mbili. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu.

Ukitaka kuongeza chakula, iwe mbegu kavu zisizo na chumvi wala ukungu, kiasi cha kuliwa na kuisha siku hiyohiyo. Mkate unajaza tumbo bila kulisha.

Hatua ya 5: Chagua tawi na usuli

Ndege hataki kutua moja kwa moja kwenye maji. Hutua pembeni, akachungulia, ndipo akashuka. Basi mpe tawi: kavu, lenye magamba, nene kama kidole gumba, lililosimikwa nusu mita kutoka kwenye maji. Tawi nene kuliko mwili wa ndege humficha miguu na tumbo.

Usuli, yaani kile kilicho nyuma ya tawi, ndio unaoamua picha kuliko lenzi. Kichaka kikiwa nusu mita nyuma ya tawi, kila jani litaonekana na kugombana na ndege. Kikiwa mita 8 nyuma, kinayeyuka na kuwa rangi moja laini. Usihamishe kichaka, hamisha tawi.

Jua liwe mgongoni mwako. Kipimo ni rahisi: kivuli chako kikielekea kwenye tawi, umekaa sawa. Hii ina maana ya kuwa na matawi mawili, la asubuhi na la jioni.

Hatua ya 6: Jenga maficho

Vijiti vinne, kitambaa kizito kisichopepea, tundu la lenzi na tundu dogo la jicho. Kimo kiwe cha kukaa, ili lenzi iwe sawa na jicho la ndege. Picha iliyopigwa kutoka juu kwenda chini humfanya ndege aonekane kama kitu kilichodondoka.

Umbali uupime. Ndege wa sentimita 15, kwa lenzi ya milimita 400 na kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa ya milimita 36 kwa 24, akiwa mita 5 anajaza kama theluthi moja ya upana wa picha. Akiwa mita 10 ni sehemu ya sita tu, yaani robo ya eneo lile. Lakini angalia pia umbali wa chini ambao lenzi yako inaweza kufokasi, yaani kukifanya kitu kitoke safi. Baadhi ya lenzi ndefu hazioni kitu kilicho ndani ya mita 3 au 4, na ni aibu kuligundua hilo ndege akiwa amekwisha kutua.

Maficho yaache wima siku tatu au nne kabla ya kuyatumia. Ingia kabla ya mapambazuko. Ikibidi uingie ndege wakiwapo, ingieni wawili, mmoja atoke na aondoke bila kujificha. Ndege wengi humwona anayeondoka na kuchukulia hatari imepita. Hesabu ya nani amebaki hawaifanyi. Hila ya zamani, na bado inafanya kazi.

Gari lililozimwa injini, na dirisha lililo wazi lenye pazia, ni maficho tayari.

Hatua ya 7: Panga kamera kabla ya kukaa

1. Modi M (unachagua mwenyewe kasi na uwazi), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe otomatiki, kikomo 3200. Kwa kamera za karibuni 6400 inavumilika.
2. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sekunde 1/1000 kwa ndege mdogo aliyetua. Anaonekana ametulia, lakini kichwa chake hakitulii. Bundi aliyesinzia unaweza kumpiga kwa 1/250.
3. Uwazi wa lenzi f/5.6 hadi f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Kwa ile lenzi ya 400 katika mita 5, f/5.6 inakupa kina cha makali (sehemu inayotoka safi, kutoka mbele kwenda nyuma) cha sentimita 5 tu, na ndiyo sababu jicho hutoka safi na mkia ukayeyuka.
4. Fokasi ya kufuatilia: kamera nyingi huiandika AF-C, za Canon huiandika Servo au AI Servo. Tumia nukta moja ndogo, au utambuzi wa jicho la ndege kama kamera inao.
5. Picha za mfululizo, na faili ghafi (RAW) kama kadi ina nafasi. Zima mlio wa kamera na taa ya kusaidia fokasi.

Ndege aliye mbele ya anga jeupe atatoka mweusi tii: ongeza mwanga kwenye kipimo cha +/− cha kamera, kwa +1 hadi +1.7. Yangeyange mweupe mbele ya majani ya kijani kibichi atatoka kama karatasi isiyo na manyoya: punguza kwa −0.7 hadi −1.

*Kwa simu:* shusha au pandisha kikombe cha jicho mpaka duara lote lionekane, weka lenzi kuu ya simu katikati ya kioo, bonyeza kioo cha simu kwa muda ili kufunga fokasi, kisha piga video badala ya picha. Baadaye chagua fremu iliyo safi. Darubini iegemezwe; mkono mtupu hautoshi.

Hatua ya 8: Kupiga

Fokasi kwenye jicho, kila mara. Mkia ukiwa na ukungu, mtazamaji anasamehe. Jicho likiwa na ukungu, picha ni ya kufuta. Usibonyeze ndege anapotua tu. Mwache anywe mara moja, ajitikise, apitishe mdomo kwenye tawi, halafu piga fupifupi, picha tatu au nne, ukisikiliza kama mlio wa shata unamshtua. Subiri ageuze kichwa kidogo upande wako ili jichoni kuwe na cheche ya mwanga.

Kwa anayeruka, pandisha shata hadi 1/2000 au 1/2500. Ndege hupenda kuondoka na kutua akiukabili upepo. Kwa hiyo siku ambayo jua na upepo vyote viko mgongoni mwako, watakuja uso kwa uso nawe. Siku ambayo upepo unakupiga usoni, utarudi na picha za mikia. Dalili za kuruka zinaonekana: anainama mbele, anakaza manyoya, mara nyingi anakunya kwanza. Hapo ndipo pa kuanza kubonyeza.

Onyo kuhusu viota

Usivisogelee. Mzazi akiondoka, mayai yanapoa au yanaungua kwa jua, na njia uliyoikanyaga nyasini inawaonyesha paka na nyani pa kupita. Kukata majani "ili kionekane vizuri" ni kukitoa kafara. Ukikuta ndege anakuzunguka akipiga kelele, au anaburuta bawa kama amevunjika, uko karibu mno na makinda: rudi ulikotoka. Vilevile usicheze rekodi za sauti kumwita dume. Anaacha kulisha ili apigane na adui asiyekuwepo.

Mambo yakienda kombo

*Nyasi za nyuma zina makali, ndege hana.* Eneo la fokasi ni pana mno na kamera imechagua chenye michoro mingi. Rudi kwenye nukta moja.

*Kila kitu kimecheza, hadi tawi.* Ni mkono wako. Pandisha shata au egemeza lenzi. Tawi likiwa safi na ndege pekee amecheza, ni mwendo wake: shata tena.

*Shata ni ya haraka, fokasi iko sawa, bado picha ni laini kama imepigwa juu ya chungu kinachochemka.* Hiyo ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Hakuna lenzi inayoishinda. Piga asubuhi, au punguza umbali. Dirisha lililofungwa huleta tatizo linalofanana, fungua kioo.

*Picha ina chenga.* Mwanga ni hafifu na ISO imepanda, au umekata kipande kidogo mno cha picha ukitaka kumkuza ndege. La pili ndilo la kawaida zaidi.

*Ndege walikuwa wanakuja, wameacha.* Tafuta paka, kipanga mgeni, kitambaa kinachopepea, au tawi ulilolihamisha jana. Kama ndiyo kwanza umeweka maji, wape wiki mbili. Mvua ikinyesha kila siku hawayahitaji maji yako hata kidogo.

*Kuna utando kama buibui ndani ya lenzi.* Kuvu. Huota lenzi ikikaa gizani penye unyevu. Mpe fundi mapema, na nyingine zihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Vumbi la juu ya kioo lipulize kwanza, ndipo ufute. Kulifuta likiwa kavu ni kukikwaruza kioo.

*Ndege anapigapiga dirisha kutwa nzima.* Ameona taswira yake na kudhani ni mpinzani, hasa msimu wa kuzaliana. Pazia la ndani halisaidii, pengine linaifanya taswira ionekane zaidi. Funika kwa nje, kwa kitambaa au sabuni iliyopakwa, hadi msimu upite. Wanaojigonga kwa kasi ni shida nyingine: chombo cha maji kiwe ndani ya mita 1 kutoka dirishani, ambapo hawapati nafasi ya kushika kasi, au kihamishe zaidi ya mita 10.